Thadeo Ryoba Arudishwa Mahameni

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, mama zetu, nawaomba msogee karibu, kwa sababu leo sitapaza sauti, na wale mliosimama upande wa barabara endeleeni kutazama huko huko mnakotazama. Mimi ni Stanislausi Ryoba, mwalimu wa shule ya msingi, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, ndiye niliyepewa na familia kazi ya kusoma maisha yake.

Marehemu Thadeo Ryoba alizaliwa hapa hapa tuliposimama, katika mji wa baba yetu, boma hili hili, huku Butiama, akabatizwa tarehe 3 Machi 1921, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano, ambao sasa nimebaki mimi peke yangu. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1931 hadi 1935 alipomaliza darasa la nne, na alikuwa na akili nyingi, isipokuwa hakunyoosha kidole hata pale alipolijua jibu, kwa kumhofia mwalimu. Nalisema kwa upendo, kaka yangu alikuwa mwoga, aliogopa radi, aliogopa ziwa, aliogopa kila mtu aliyevaa kofia ya serikali, na hakuna hapa asiyewahi kumtania kwa hilo.

Mwaka 1940 alikwenda Buhemba kwenye machimbo ya dhahabu, siku ya kwanza akashushwa shimoni, akapanda juu, hakushuka tena, wakampa kazi ya kupasua kuni mpaka mwaka 1946 alipoacha na kununua baiskeli. Kwa baiskeli hiyo alitoa furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, huko Musoma, akauza Bunda, akarudi na chumvi, na tarehe 12 Juni 1948 alifunga ndoa takatifu na shemeji yangu Skolastika Nyamburi, huyu mnayemwona amekaa chini pale, nao walijaliwa watoto saba, sita wako hai, wa kwanza akiwa Jenoveva. Mwaka 1955 alifungua duka lake Bunda, la sukari, chumvi, mafuta ya taa na kanga, na hapa nyumbani akaendelea kulima pamba na mtama na kufuga ng'ombe, kila Jumamosi akija kwa baiskeli, kwa sababu alisema duka ni mahali pa kushinda, mji ndio mahali pa kuishi.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961 alifurahi sana, akawapikia chai wapita njia wote, kisha jioni akaniuliza kwa wasiwasi ni nani sasa atakayekuwa anakuja kukagua duka. Baada ya Azimio la mwaka 1967, aliposikia neno bepari likitajwa kwenye redio, alipanda ngazi mwenyewe akafuta maandishi ya ubao uliosema Duka la Thadeo Ryoba na Ndugu, likabaki neno Duka tu, na mwaka 1973, kabla hajaambiwa na mtu, akalifunga kabisa. Michango ya chama alitoa kabla haijaitishwa. Sijawahi kuona raia mtii kama yule.

Ndiyo maana yaliyompata yananiuma hadi leo. Oktoba 1974, tulipotangaziwa kuhamia kijiji kipya, kila kaya na kiwanja chake chenye namba, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda kwenye nyumba yake na kung'oa mabati, akahama na mama Jenoveva na mifugo kabla vijana wa operesheni hawajafika, wakati wengine wetu tulingoja mpaka tukatolewa kwa moto. Kitu kimoja tu hakukigusa, nguzo mbili za lango la zizi, kwa sababu kama mjuavyo, kwetu mwenye mji huzikwa kando ya lango, mkono wa kuume wa anayeingia, na kuzing'oa nguzo hizo mwenyewe akiwa hai ni sawa na kumzika angali anapumua.

Vijana walipopita na kuzikuta zimesimama, walisema huyu ameacha alama ya kurudi, anawachochea wengine, na asubuhi ya tarehe 4 Novemba 1974 akachukuliwa kwenda Bunda, katika ofisi ambayo sitaitaja. Lilikuwa jambo la kueleza kwa maneno machache tu, mtoto yeyote wa huku angeweza kulieleza, lakini kaka yangu alitetemeka, ulimi ukagoma, na kadiri alivyotetemeka ndivyo walivyozidi kuamini kwamba anaficha jambo. Aliachiwa baada ya majuma mawili, na tangu siku hiyo hakulala usingizi wa kutosha, gari likipita aliacha chakula, mbwa akibweka alisimama, mwaka uliofuata miguu ikaanza kuvimba, na daktari akasema ni moyo na shinikizo la damu. Tarehe 19 Januari 1976 tulimpeleka hospitalini Musoma, na huko, mbele ya mkewe na mbele yangu, alisema maneno haya, nami nayasoma kama alivyoyasema:

"Mdogo wangu, mimi nimekuwaga mwoga siku zote, wewe unajua. Hili moja siliogopi. Msinizike kwenye kiwanja cha namba. Mnizike kwangu."

Alifariki dunia Jumatano, tarehe 11 Februari 1976, saa tano asubuhi.

Hili siliogopi, alisema, akatuachia sisi tuliogope. Tangazo mnalijua, atakayerudi mahameni, kwenye miji hii tuliyohamishwa, kwa shughuli yoyote atachukuliwa hatua, na jana nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Bwana Danford, kuomba ruhusa, naye alinikatalia kabisa, mbele ya watu, kwa sauti kubwa, na naomba mtu yeyote akiuliza lielezwe hivyo hivyo. Nami nimeajiriwa na serikali, na nina watoto wanaosoma. Kuna ndugu walioshauri tumzike kijijini yaishe, nami siwalaumu, nusura niwakubalie, ila mama Jenoveva alifunga kanga kiunoni akaanza kutembea kuja huku peke yake, ikabidi tubebe jeneza tumfuate.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Musoma, walimu wenzangu ambao wamenifundishia madarasa yangu leo bila kuuliza niko wapi, katekista aliyekubali kusali huku, na majirani mliokuja kwa kupitia mashambani, mmoja mmoja. Tunamshukuru pia mtu mmoja aliyetukuta hapa alfajiri na jembe lake begani, ambaye kwa cheo chake alipaswa kutuzuia, akaingia kaburini akachimba mpaka mwisho. Bado yuko hapa, na udongo miguuni. Jina lake silitaji, na sisi sote tukiulizwa, hatukumwona.

Nilikuwa nimeandika mengine, juu ya wajukuu na juu ya pamba ya mwaka jana, lakini nasikia Landrova ya serikali huko barabarani, na najua nanyi mmeisikia, kwa hiyo nitayaacha. Nawaomba asikimbie mtu. Mama Jenoveva, tupa udongo wewe wa kwanza, kisha wanaume wote washike majembe, tufanye haraka, wafike wakute tumemaliza, maana akishafukiwa hapa hakuna atakayemwamuru ahame tena.

Pumzika kwa amani, kaka Thadeo. Hapa ni kwako.