Maua ya Mjukuu wa Nane

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza, mama yetu, huyu mliyemwita Mama Pindo kwa kuwa alitazama pindo la nguo ya mtu kabla ya kumjibu salamu, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951, akiwa binti pekee wa mchoma matofali na mkewe, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, hesabu zote zilimshinda isipokuwa za sentimita.

Januari 1967 shangazi yake, fundi cherehani, alimchukua ajifunze kazi, akamtuma kufagia vipande vya vitambaa chini ya meza mwaka mzima kabla ya kumruhusu kugusa mkasi, na huenda ndipo alipojifunza kutotupa kipande. Kuanzia 1970 hadi 1998 alishona mashuka na magauni ya wagonjwa katika chumba cha kushonea cha hospitali, kwenye cherehani ya pili kutoka dirishani, kisha akahamia barazani kwake. Tarehe 8 Septemba 1973 alifunga ndoa na fundi seremala, aliyemtengenezea meza ya kukatia ndefu kuliko kitanda chao, wakataniana kwa hilo hadi baba alipotutoka mwaka 2009, wakiwa wamejaliwa watoto wanne.

Wajukuu walikuja wanane, na kila aliyefikisha miaka minne alishonewa nguo ya msimu wa joto kutokana na mabaki, mvulana kaptura, msichana sketi nyepesi ya lastiki kiunoni, wala hakurukwa mtu. Tarehe 3 Novemba 2022 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea, na waliokwisha kuvaa walikuwa saba. Wa nane, binti wa mkamwana wake mdogo, angetimiza miaka minne Januari 2024, na marehemu hakuulizia dawa wala chakula kama alivyoiulizia sketi hiyo.

Mkamwana hakuwa amewahi kukata kitambaa, tena ni mtu wa haya, lakini aliketi kando ya kitanda akaelekezwa kupima kiuno, kuacha nafasi ya lastiki juu na ya pindo chini. Kitambaa kilikuwa mabaki ya gauni ambalo marehemu alimshonea mkamwana huyo alipokuwa na mimba ya mtoto huyo huyo, cheupe chenye maua ya njano, na kilitosha kukatwa mara moja tu. Alikikunja katikati ili akate vipande viwili kwa pamoja, na alipovitenganisha, maua ya kipande kimoja yalikuwa kichwa chini. Akashona hivyo hivyo huku machozi yakimtoka, akaificha sketi kwenye kapu la nguo chafu siku mbili, akidai uzi umekwisha.

Mama alimjibu kwa upole kwamba uzi anaoujua yeye hauishi kwa sketi moja, na sketi ikaletwa. Aliigeuza kwa mkono wa kushoto, akatazama pindo kwanza, akasema, "Pindo limenyooka, mwanangu. Haya ya kichwa chini yaweke mbele, mwenyewe akiinama ayaone yamesimama."

Mtoto akavaa, akainama, akasema, "Bibi, yananitazama mimi."

Marehemu alicheka kwa upande wa mdomo uliobaki na nguvu, akashusha pumzi, akawaambia wanawe kwamba meza ile ya kukatia sasa ni ya mkamwana. Hiyo ilikuwa tarehe 21 Januari. Tangu hapo hakuulizia kitu, alilala vizuri, na tarehe 19 Februari 2024, saa nne asubuhi, alituacha bila maumivu, kitandani kwake. Tunalia, lakini mioyo yetu imetulia, kwa kuwa hakuondoka na wasiwasi.

Tunawashukuru daktari na wauguzi waliokuja nyumbani kumnyoosha mkono, majirani waliotuchotea maji na kutupikia, na wenzake wa chumba cha kushonea, walioshona nguo aliyovishwa leo, wakalifumua pindo lake mara mbili hadi wakaridhika.

Mama Pindo, wote wanane wamevaa. Pumzika sasa, kwa amani.