Bi. Odilia Ndunguru na Wateja Hewa 1,606

Alhamisi ya tarehe 31 Julai 2025, Bi. Odilia Ndunguru atafunga droo ya meza yake katika idara ya uhasibu ya Ligomba Pembejeo, Songea, na hatarudi tena Ijumaa. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya utumishi, ukitoa siku kumi na saba za Novemba 2023 ambazo kampuni ilimtaka akae nyumbani kupisha uchunguzi wa wizi. Menejimenti imeniomba niandike wasifu mfupi na wa kuchangamsha. Nimefikiri sana, na sikumbuki jambo lililotuchangamsha kuliko hizo siku kumi na saba, kwa hiyo nitazieleza.

Bi. Odilia, ambaye hapa kazini hakuna anayemwita hivyo isipokuwa kwenye barua za onyo, ni Mama Noela. Alitoka Mbinga, akaajiriwa tarehe 1 Agosti 1991 kama mpiga chapa, kampuni ilipokuwa duka la mlango mmoja pale Mfaranyaki. Mwaka 1994 alihamishiwa uhasibu, baada ya aliyemtangulia kugundulika kuwa hodari wa kujumlisha pale tu alipokuwa peke yake. Mwaka 2006 paa la ofisi yake lilianza kuvuja juu ya printa. Aliahidiwa fundi. Wakati akimsubiri alifungua mwavuli juu ya printa, na tunafurahi kutangaza kwamba mwavuli huo bado unafanya kazi vizuri.

Kazi yake kubwa ilikuwa akiba za mbolea. Wageni waelewe: mkulima akishauza mahindi, hulipia mbolea ya msimu ujao kabla hela haijapata miguu, nasi tunamwandikia mifuko yake mpaka mvua zikaribie. Tangu 1999 akiba hizo zilikaa kwenye kompyuta yetu ya kwanza. Mfumo wake wa uhasibu ulikubali jina lenye herufi kumi na mbili tu, kwa hiyo mteja aliandikwa ukoo na herufi moja ya jina lake. Mtu yeyote aliyewahi kuishi Songea siku mbili ataona tatizo. Egidi Komba ni KOMBA E. Edita Komba naye ni KOMBA E. Erasto pia.

Mama Noela hakuitisha semina. Aliona kwamba mfumo ule una safu ya namba ya faksi, na kwamba wakulima wetu, kwa sababu wanazozijua wenyewe, hawana faksi. Basi humo ndimo alimoandika mtu ni nani hasa. "Lilambo, mama wa pacha." "Peramiho, fundi baiskeli, sikio la kushoto halisikii." "Mfaranyaki, anabisha bei." Kwa miaka ishirini na minne hakuna mkulima aliyepewa mbolea ya mwenzake, isipokuwa mmoja mwaka 2008, na huyo aliirudisha mwenyewe akiomba radhi.

Mambo yakienda vizuri kiasi hicho, ni lazima yaboreshwe. Mwaka 2023 Meneja Mkuu wetu, Bw. Polycarp Tarimo, alirudi kutoka kwenye mkutano Arusha akiwa na mkoba wa kitambaa na maono. Tukanunua mfumo mpya. Akaja mshauri elekezi kutoka Dar es Salaam, Bw. Anord, kuhamisha taarifa kutoka mfumo wa zamani. Ikaundwa kamati ya mpito, nami nikapewa uenyekiti, nadhani kwa sababu mkuu wa ghala anajua kusaini. Mafunzo yalichukua siku moja na nusu, ile nusu ikiwa chakula.

Kwenye kikao cha mwisho Mama Noela alinyoosha mkono.

"Safu ya faksi msiifute," alisema. "Ndiyo yenye watu."

Bw. Anord alitabasamu kwa adabu. "Mama, siku hizi hakuna faksi."

Meneja alicheka. Mimi pia nilicheka, nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa na andazi mdomoni na nilikaribia kupaliwa. Mama Noela alishusha mkono, na hoja ikapita.

Wikiendi ya tarehe 7 Oktoba taarifa zikahamishwa. Safu ya faksi ilifutwa, kisha mfumo mpya ukaombwa uondoe majina yaliyojirudia. Uliyaondoa kwa bidii kubwa. Ulipokuta KOMBA E ishirini na tatu, uliona uchafu, ukabakiza mmoja, yule aliyeingizwa mwisho. Wateja 3,812 wakawa 2,206. Jumatatu takwimu hizo zilioneshwa ukutani kwa projekta, zikapigiwa makofi kama usafi wa hali ya juu, nami nikasaini hati isemayo kwamba taarifa zote zimehamishwa kikamilifu na kwa usahihi. Sikuhesabu. Kulikuwa na picha ya pamoja.

Mwisho wa Oktoba alikuja mkaguzi kutoka Mbeya, Bi. Tumpe Mwakalinga, mwanamke asiyependa picha za pamoja. Aliuliza swali moja: wateja 1,606 wamekwenda wapi? Kulikuwa na majibu mawili. La kwanza, kwamba mfumo wa mamilioni umekosea, na meneja aliyeuchagua na kamati iliyousainia wamekosea nao. La pili, kwamba wateja hao hawakuwahi kuwepo, na mama mmoja mwenye sweta la kijani amekuwa akitoa mbolea kwa wateja hewa tangu 1999. Menejimenti ilitafakari kwa kina, karibu saa nzima, ikachagua jibu lisilohitaji kumpigia mtu yeyote simu Dar es Salaam.

Ijumaa ya tarehe 3 Novemba Mama Noela alikabidhiwa barua ya kutakiwa kujieleza na kusimamishwa kazi kwa pamoja, ili asisumbuke kufungua bahasha mara mbili. Alijibu palepale, kwa kalamu, akiwa amesimama: "Wateja wangu ni watu. Waiteni." Pembeni ya jibu hilo meneja aliandika kwa wino mwekundu: "Haijitoshelezi." Mama Noela akatoka na mkoba wake. Tulikuwa wanane kwenye korido, na kila mmoja wetu alikumbuka ghafla kwamba simu yake ina ujumbe wa kusoma.

Jumanne ya tarehe 14, Bi. Theodosia Ngonyani wa Mshangano alifika dirishani kwangu kuchukua mifuko yake minane. Ni mjane, analima ekari nne, na namhudumia tangu mwaka 2012. Nikaandika jina lake, na kioo cha kompyuta kikaniambia kwamba NGONYANI T amekwishachukua mbolea yake yote tarehe 12 Oktoba. Aliyechukua ni Titus Ngonyani wa Namtumbo. Hayo tuliyajua baadaye.

"Umekwishachukua, mama," nilimwambia.

"Nimechukua lini?"

"Mfumo unasema mwezi uliopita."

"Hamisi, mfumo haunijui. Wewe unanijua."

Ghala lilikuwa limejaa mbolea, funguo zilikuwa mfukoni mwangu, na bila karatasi kutoka kwenye mfumo siruhusiwi kutoa hata mfuko mmoja. Nikaufuata utaratibu. Mama yule alikaa kwenye ngazi mpaka saa kumi jioni, kisha akaondoka kwa miguu. Nimefanya kazi hapa miaka ishirini na mbili, na siku hiyo ndiyo niliyoona aibu kuvaa fulana yenye nembo ya kampuni. Sikuivua, hata hivyo. Ni nzuri, ya pamba.

Kesho yake walikuja arobaini. Ijumaa geti halikufungika. Watu walitazama mawingu, wakatutazama sisi. Anayekosa mbolea ya kupandia Desemba anajua mwezi Mei atavuna nini.

Jumamosi nilipanda bodaboda kwenda Mfaranyaki. Nilimkuta Mama Noela barazani anachambua maharage.

"Shikamoo, Mama Noela."

"Marahaba. Umetumwa au umekuja?"

"Nimekuja."

"Basi kaa."

Aliniambia kwamba Jumapili mbili hajakwenda misani, kwa sababu benchi lake zima linasogea akikaa. Noela, binti yake, alikuwa amempigia kutoka Mbeya kuuliza kama ni kweli. "Mtoto wangu mwenyewe, Hamisi. Ameuliza kwa upole, lakini ameuliza." Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kitenge, akaendelea kutoa mawe. Nilimweleza habari za Theodosia. Mikono yake ikasimama.

"Ile mashine ya zamani iko wapi?"

Mashine ya zamani ilipaswa kuwa imeuzwa kwa mnada tangu mwisho wa Oktoba. Ilikuwa bado ghalani chini ya magunia matupu, kwa sababu kamati ya mnada haijawahi kukaa kikao. Mwenyekiti wa kamati ya mnada ni mimi. Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba huo ndio mchango wangu mkubwa kwa kampuni hii.

Jumatatu, baada ya mimi kumwomba mkaguzi, Mama Noela aliruhusiwa kuingia ofisini kama mgeni, akasaini kitabu cha wageni mlangoni, sehemu ya "sababu ya kuja" akaandika "kazi." Alikuwa na sharti moja: Bi. Tumpe akae karibu naye na aone kila kitu. Mashine iliwaka mara ya tatu. Printa ilipiga kelele kwa saa nne chini ya mwavuli, ikatoa orodha nzima pamoja na safu ya faksi. Bw. Tarimo aliipitia, akasema kwa busara zake kwamba anayeweza kubuni mteja anaweza pia kumbunia sikio bovu.

"Ndiyo maana niliwaambia muwaite," alisema Mama Noela.

Bi. Tumpe alifunga faili lake. "Waiteni," alisema, na kwa kuwa yeye ni mkaguzi, walisikia.

Tangazo lilisomwa misikitini Ijumaa na makanisani Jumapili. Jumatatu ya tarehe 27 Novemba, saa mbili asubuhi, wateja hewa walianza kuwasili. Walikuja kwa bodaboda, kwa baiskeli, kwa miguu, wengine na watoto hewa mgongoni. Mama Noela alikaa kwenye meza uani, mkaguzi pembeni yake, akasoma jina la kwanza: "Komba E."

Wakasimama watu kumi na tisa kwa mpigo, wanaume na wanawake. Bw. Tarimo, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai, aliingia ndani polepole.

"Edita wa Lilambo, mama wa pacha."

"Mimi hapa."

"Pacha hawajambo?"

"Wako darasa la nne."

"Erasto wa Mfaranyaki, anabisha bei."

Mzee mmoja alisogea mbele amekunja uso. "Nani kaandika hivyo?"

"Mimi."

"Na bei yenu bado kubwa!"

Ua mzima ulicheka. Bi. Tumpe alikagua vitambulisho kimoja baada ya kingine, akitia alama, na sikumwona akicheka, ila kwa fundi baiskeli wa Peramiho alisimama mwenyewe akazunguka upande wa sikio la kulia ili aulize swali lake.

Ilichukua siku sita. Walijitokeza 1,548. Wengine walipigiwa simu. Kumi na tisa hawakuja kwa sababu walikuwa wamefariki, na kati yao Mama Noela alikuwa amehudhuria mazishi ya kumi na mmoja. Bi. Theodosia alipata mifuko yake minane Jumanne. Niliipakia mwenyewe kwenye guta la magurudumu matatu. Aliihesabu mara mbili na hakuniambia ahsante, nami nikaona ni sawa. Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe 5 Desemba.

Ripoti ya Bi. Tumpe ilikuwa na sentensi mbili zenye maana: "Wateja wapo. Kosa ni la uhamishaji." Kwa haki yake, Bw. Anord alirudi, akakaa wiki mbili akiingiza wale 1,606 kwa mkono wake, Mama Noela akimsomea, na mchana akimletea ugali na dagaa wa Nyasa kutoka nyumbani. Menejimenti nayo ilijifunza. Ilinunua, kwa malipo ya ziada, safu mpya iitwayo "Maelezo ya Mteja."

Kilichobaki ni barua. Mama Noela alirudishwa kazini kwa mdomo, akaambiwa yameisha. Tuhuma ziliandikwa, kusafishwa kwake kukasemwa tu kwenye korido. Kwa miezi ishirini ameomba jibu la maandishi, mara moja kila robo mwaka, pamoja na ripoti zake. Mwezi huu tulipomchangia friji alishukuru sana, kisha akaniambia pembeni: "Friji nitalitumia. Lakini kwenye faili langu bado mimi ni mwizi."

Jumanne iliyopita nilimpelekea Bw. Tarimo rasimu ya wasifu huu pamoja na barua ya mistari mitatu. Alisoma vyote viwili, rasimu kwa muda mrefu zaidi.

"Hii lazima ichapwe?" aliuliza.

"Imeshakwenda kwa mchapaji, bosi. Anasubiri mwisho wake tu."

Nje kulikuwa na lori linashusha mbolea. Kisha akachukua kalamu, akasaini ile barua, akaniuliza bila kuniangalia kama mama huyo yuko ofisini. Yuko, nikasema. Akaipeleka mwenyewe.

Barua inasema kwamba tuhuma za tarehe 3 Novemba 2023 hazikuwa na ukweli, kwamba zimefutwa, na kwamba kampuni inamwomba radhi Bi. Odilia Ndunguru. Mama Noela aliisoma amesimama. Aliisoma tena. Akaomba nakala mbili, moja ya faili na moja ya Noela.

Nami niongeze yangu, kwa kuwa bila hati niliyosaini yasingetokea hayo yote: nilisaini nisichokihesabu, nikanyamaza kwenye korido. Nisamehe, Mama Noela.

Sasa anarudi Mbinga kwenye shamba la kahawa la marehemu baba yake, na Oktoba atakwenda Mbeya kumpokea mjukuu. Kwa niaba ya ghala, uhasibu na wakulima wote, ahsante. Mibuni ikuzalie, mjukuu aje salama, na Ijumaa hii asubuhi ulale mpaka uchoke mwenyewe.

Hamisi Mbawala
Mkuu wa Ghala