Mkono Uliotubakisha Subukia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Leo nimesimama bila kusukumwa na mke wangu, ingawa kwa mambo mengine yote ananisukuma.

Mnanijua, mimi ni mtu wa nyumbani. Sekondari nilifika, lakini bwenini nililia kwa kukosa uji wa mama mpaka nikarudi Subukia kukamua ng'ombe wa mzungu. Tabitha aliponikubali aliwaambia wenzake, "Huyu angalau sitamtafuta mbali."

Siku moja wafanyakazi wote tuliitwa zizini, tukachanjwa ndui. Wenzangu walijikuna tu, yakaisha. Mimi mkono wa kulia ulivimba, na uvimbe ulipokwisha, vidole vikakataa kazi. Kukamua, wapi! Daktari mmoja alisema huenda ni chanjo, mwingine akasema sivyo. Tajiri wetu, yule mzungu, akasema asiyekamua hakai shambani mwake. Tubomoe nyumba, twende.

Twende wapi, ndugu zangu? Kwingine hatukuwa na hata pa kufunga mbuzi!

Tabitha akanipandisha lori la maziwa mpaka Nakuru, akanikabidhi kwa wakili Mhindi, naye akadai fidia. Miezi ile Tabitha ndiye aliyenifunga vifungo vya shati. "Baba Rahabu," ananitania, "niliomba mume, nikapewa mtoto mwenye ndevu." Kisha ananiombea, machozi yakidondoka kwenye ugali wangu. Niliula hivyohivyo. Ulikuwa na chumvi ya kutosha.

Siku ya mapatano tulikutana barazani kwa tajiri. Shahidi wake alikuwa nyapara wetu, Mzee Kiprono, rika la marehemu baba yangu, aliyekuwa akisema kila mahali kwamba najifanya mgonjwa. Akaja moja kwa moja, akaninyooshea mkono.

Kwetu mtu mzima hapewi mkono wa kushoto. Hata mlevi anajua! Niliuita ule wa kulia kwa nguvu zangu zote, jasho likanitoka. Haukuja. Nikampa wa kushoto mbele ya watu wote, nikainamisha kichwa kwa aibu.

Mzee aliushika. Kisha akamgeukia tajiri: "Bwana, nilikosea. Huyu namjua tangu anatambaa. Kudanganya anaweza, lakini kunitukana mimi hawezi. Mkono umekufa."

Wakili wao akamwambia akae chini.

"Nikae kwa nini? Si mmeniita niseme?"

Shahidi wao, ndugu zangu! Mungu alimtoa kwenye benchi lao!

Tulipatana siku ileile. Hawakukiri kwamba chanjo ndiyo iliyoniumiza, nami sikushikilia. Watoto wangu wote nimewapeleka kuchanjwa, maana ndui nimeiona ikizika watu. Lakini tuliachiwa nyumba na bustani tukae maisha yetu yote, nami nikapewa kazi ya kufundisha watoto wa shamba. Naandika ubaoni kwa kushoto, herufi zimeinama kama kuku walionyeshewa. Wananicheka, na wanasoma.

Namshukuru Mungu kwa Tabitha, na kwa Mzee Kiprono, ambaye siku hizi anatumalizia sukari.

Na wewe uliyeambiwa ufungashe vyombo, usikate tamaa. Mwamini Yesu. Ukitaka tuombe pamoja, njoo kwetu jioni yoyote. Kwa neema yake, mlango bado uko palepale.