Sala ya Mama Ednah Mbele ya Wenye Leseni

Wasikilizaji wapendwa, leo barua zenu zitangoja kidogo. Leo tunamkumbuka Mama Ednah Kajuju wa Nkubu, kule Meru, aliyetuacha Jumatatu akiwa na miaka sitini na minane. Na nikipandisha sauti mnivumilie, kwa sababu hii stori bado inanichemsha damu.

Mama Ednah alichapisha vijitabu vya mazishi. Ukifiwa, ulienda kwake na picha ya marehemu. Alikuuliza marehemu alizaliwa na nani, nyanya yake aliitwa nani, alipewa jina la nani. Kama hujui, alikurudisha nyumbani ukaulize wazee. Kwa miaka kumi na sita aliandika maisha ya watu elfu moja na mia mbili, wote ndani ya programu moja ya kompyuta. Familia ikipata mtoto ilirudi kwake kutafuta majina ya kwao. Vijitabu vyenyewe? Viliisha kwa mchwa, au viliishia kufungia sukari dukani. Kwa Mama Ednah watu wetu walikuwa salama.

Miaka kumi na sita, wapendwa, programu ile ile. Leseni alilipia kila mwaka bila kukosa. Toleo jipya likitoka alinunua, hata kama la zamani halijamkosea chochote. Alizoea kusema yeye na hiyo kampuni wameoana.

Haya. Miaka mitatu iliyopita, siku ya Alhamisi, anawasha kompyuta, programu inamwambia toleo lake limestaafishwa. Anunue jipya. Akanunua. Jipya likakataa kufungua faili zake za zamani. Akizitaka, atafute leseni nyingine, ile ya makampuni makubwa. Asante ya punda ni mateke, kweli kabisa.

Watu elfu moja na mia mbili, wamefungiwa. Binti yake, Linda Mwendwa, anasema mamake alipiga simu wiki sita. Kila mara sauti ya mashine ilimshukuru kwa kuwa mteja mwaminifu, halafu ikamwekea muziki.

"Mum aliujua huo muziki mpaka akawa anauimba akikamua ng'ombe," Linda aliniambia. "Lakini usiku huo wa kwanza alilia. Alisema amewapoteza watu wa watu."

Sasa sikilizeni maajabu. Kampuni hiyo hiyo ikamwalika Nairobi, hotelini, kwenye uzinduzi wa toleo lingine tena, apewe cheti cha mteja mwaminifu. Linda alimwomba asiende. Mama akavaa sare yake ya akina mama wa kanisa, akaenda.

Mnajua mikutano yetu haianzi bila maombi. Mwenye kuongoza akatazama viti vya mbele, akaona mama wa kanisa ametulia vizuri, akampa maikrofoni aombe kwa kifupi. Hapo ndipo walipokosea, wapendwa. Mama wa Meru mwenye uchungu humpi maikrofoni.

"Mwathani, Bwana wetu," akaanza, "wakumbuke watu wako waliofungiwa ndani ya mashine ya hawa ndugu."

Halafu akaanza kuwataja. Murungi, mwana wa Kaberia, aliyechimba kisima cha shule. Karimi, aliyelea yatima saba. Mmoja baada ya mwingine, kutoka kichwani. Dakika ishirini! Ukumbi wote umesimama, macho yamefungwa. Na nani atamkatiza mtu akiomba? Kila jina likafuatwa na amina, mwanzoni za watu wawili watatu, mwishowe za ukumbi mzima. Mkurugenzi wa kampuni alifungua jicho moja, akaona wahudumu wa hoteli wameweka trei chini wanapangusa machozi, akalifunga tena.

Mama alipopumua kidogo, mkurugenzi akamsogelea. "Mama, wamebaki wangapi?"

"Elfu moja na themanini. Niendelee?"

Hakuendelea. Kabla ya Jumamosi ya wiki hiyo wateja wote wa zamani, si yeye peke yake, wa Nkubu, wa Manyatta, wa popote, walipewa ufunguo wa faili zao za zamani, wa maisha, usiohitaji kulipiwa tena. Alishinda, wapendwa. Mama mmoja wa Nkubu aliwashinda. Cheti walimpa pia. Alikifanya kifuniko cha ndoo ya maziwa.

Kwako Linda, kwa kaka yako Mugendi na jamaa wote, poleni sana. Mungu awashike mkono. Nasi tuliobaki, tusingoje msiba. Leo ukifika nyumbani, muulize mzee wako jina la nyanya yake, na uliandike.

Jana nilienda kutoa pole. Linda aliketi kwenye kompyuta ya mamake, akaniuliza kama ningependa kumwona baba. Baba yangu, Munyi, tulimzika miaka tisa iliyopita, na kijitabu chake tulikipoteza sisi wenyewe tukihama nyumba. Akaandika jina. Faili ikafunguka papo hapo, haikutuuliza kitu. Nikamsoma baba yangu mwanzo hadi mwisho, nikiwa nimesimama.