X Nyekundu za Mama Mchanga

Benchi letu lina rangi mbichi leo, kwa hiyo tumesimama. Wanaume wanne wazima tumelizunguka, vikombe mkononi, na kila anayepita akiuliza kulikoni tunamjibu kwamba tunanyoosha miguu. Si kweli. Nimelipaka bluu asubuhi hii, mara mbili, kwa sababu ubao wake umetoka kwenye mgunga wa mtoni na ulikuwa bado na kipande cha X nyekundu ubavuni. Jana karani wa maji alipita hapa akatuambia Mama Mchanga, yule mtafiti wa migunga ya mtoni, yuko njiani, anakuja kupima miti yake. "Ipi?" tukamuuliza. "Ile ile aliyoipiga X mwaka jana," akasema, akaenda zake. Tangu hapo hakuna aliyemaliza kikombe. Miti ile tumeikata yote, thelathini na mmoja, na aliyesema ikatwe ni mimi.

— Tupange maneno, alisema Birika, muuza kahawa, ambaye jina lake la kuzaliwa limesahauliwa hata na mkewe. Mama yule akija atukute tuna neno moja.

— Neno lenyewe ni "hatujui," alisema Dizeli, fundi wa pampu. Fupi, halina kona.

— Hatujui nini, Dizeli? Miti yenyewe inaonekana toka hapa! Yaani, ilikuwa inaonekana.

Tukageuka wote kutazama mtoni, na wote tukajuta kugeuka. Mto wetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Mvua ikinyesha mbali huko milimani, maji hupita juu siku nne tano, kisha hushuka chini ya mchanga na kuendelea na safari yake humo. Migunga ndiyo iliyotuonyesha yanapita wapi. Sasa kumebaki visiki, na hapa na pale mgunga mmoja mmoja ambao haukupigwa X.

Nieleze kosa langu kabla sijaelezewa. Mimi ni mchora mabango, hapa kijiweni naitwa Rangi. Mwaka jana ofisi ya barabara ilinipa kazi ya kupiga X nyekundu kwenye nyumba zitakazobomolewa kupisha daraja. Nilipiga nyumba ishirini na tisa, na ya mama yangu mdogo ikiwemo, na hadi leo hanipokei salamu. Mwezi uleule Mama Mchanga alikuwa mtoni na vifaa vyake vya kupimia. Miaka minane alikuwa akigongomea miti yake vibati vyenye namba, na miaka minane vibati vikipotea, maana vinaziba vizuri ajabu sufuria iliyotoboka. Mwaka wa tisa akachoka, akanunua kopo la rangi nyekundu, duka lilelile ninalonunua mimi. Akapiga X ili aone mti akiwa ng'ambo ya pili.

Alipoondoka tu, Dizeli akaja mbio. "Rangi, migunga imepigwa X! Hii si lugha yako? Inasemaje?" Watu wakanigeukia wote. Sijawahi kuulizwa jambo na watu wengi hivyo maishani mwangu. Nikatia mikono mfukoni, nikasema, "Inasema iondoke. Tusipokata sisi, atakata mkandarasi na kuni ataondoka nazo." Siku sita tu, kazi ikaisha.

— Mimi naona tuseme tembo, alisema Dizeli.

— Tembo wa wapi?

— Tembo hupita. Si Mama Mchanga mwenyewe alituambia tembo hufuata mito mikavu, huchimba maji kwa mkonga? Basi. Walikuja, wakachimba, wakakosa, wakakasirika.

— Wakakata kwa msumeno, alisema Birika.

— Visiki tutavipondaponda juu kidogo na nyundo.

— Vyote thelathini na kimoja? Na mavi ya tembo utatoa wapi, utajitolea wewe?

Kamusi akakohoa. Huyu alikuwa karani wa masjala kabla ya kustaafu, na neno halimpiti bila kulifungua tumbo.

— Msikimbilie wanyama, alisema. Tuanze na neno lenyewe. Mama yule anasema kazi yake ni uhifadhi. Uhifadhi unatokana na kuhifadhi, yaani kuweka mahali salama. Sasa je, sisi hatukuweka? Mimi yangu nimeiweka stoo. Haipati jua, haipati mvua.

— Kamusi, uliyoiweka stoo ni kuni.

— Kuni zilizohifadhiwa.

— Zimebaki ngapi?

— Hapo sasa unaingia mambo ya nyumbani kwangu.

Birika alicheka, kisha akaacha ghafla, maana jiko lake mbele yetu lilikuwa linawaka mkaa wa mgunga uleule. Akalisogeza kwa mguu hadi nyuma ya kibanda, kama mtu anayeficha mbwa mwenye kuuma.

— Radi, alisema aliporudi. Sikilizeni. Radi hupenda chuma, sivyo? Na rangi nyekundu ina kutu ndani, Rangi atanisahihisha. Radi ilishuka, ikaona nyekundu, ikachukua miti yenye nyekundu, ikaacha isiyo na nyekundu. Hapo hata mwanasayansi anakubali.

— Radi iliyochagua!

— Radi yenye macho, ndiyo.

— Na magogo ikayabeba?

— Yakaungua yakawa majivu. Upepo ukapita.

— Mimi nina wazo bora zaidi, alisema Dizeli, na sasa alikuwa amechangamka hadi kahawa inammwagikia kidole. Tusimwambie miti imekatwa. Tumwambie amepotea. Mto wake si huu, ni ule wa mbele. Tumchoree na ramani.

— Miaka tisa anakuja, leo apotee?

— Mchanga unafanana, bwana!

Tulicheka wote, hata mimi, na ndicho kinachonitia aibu nikikumbuka. Tulicheka hadi Kamusi akashika ubao wa benchi asianguke, akainua kiganja chake cha bluu, tukacheka tena.

— Ila kuna jambo, alisema akijifuta kwenye suruali. Karani aliniambia baadaye kwamba wiki ijayo wakubwa wa maji wanakuja. Lile shamba kubwa la juu linataka kuufunga mto, wanywe wao peke yao. Mama Mchanga alitaka kuwaleta hapa awaonyeshe migunga na vipimo vyake vya miaka yote. Kwamba mizizi ya migunga na visima vyetu vinakunywa maji yale yale humo chini. Mti ukianza kukauka, kisima kinafuata.

— Kwa hiyo alikuwa anatutetea sisi, alisema Birika.

Dizeli alitazama pampu aliyoifungua tangu juzi. Kama visima vikikauka, yeye ndiye wa kwanza kukosa kazi, na nyumbani ana wazazi wawili na wadogo zake wa kike. Lakini hakusema hilo. Alisema tu, "Basi tembo."

Na hapo ndipo tulipomwona. Alikuwa anapanda kutoka mtoni kwa miguu, kofia pana, buti zimejaa mchanga, daftari lake kubwa limefungwa kwa kamba ya kiatu. Kwa hiyo alikuwa ameshaona. Hakutembea haraka wala polepole.

— Hamjambo, ndugu zangu?

— Hatujambo, mama. Shikamoo, tukasema kwa pamoja, hata Kamusi ambaye ni mkubwa kwake.

— Marahaba. Mbona mmesimama? Na benchi jipya hivi!

— Rangi mbichi, mama, alisema Birika haraka.

— Basi nitasimama nanyi. Nipe kahawa, kaka Birika. Nimetembea toka kisiki cha kwanza hadi cha mwisho.

Alisema kisiki bila kupandisha sauti. Birika alitazama birika, akatutazama sisi.

— Kahawa imekwisha, mama.

Lilikuwa limejaa. Mvuke ulikuwa unatoka mdomoni mwake, sote tunauona, na mama yule anauona. Akaitikia kwa kichwa, akafungua kamba ya daftari.

— Nisaidieni, alisema. Ninyi mnakaa hapa kila siku, mimi nakuja mwezi mmoja tu kwa mwaka. Nini kiliipata miti?

Dizeli akatutangulia.

— Tembo, mama.

— Tembo?

— Walipita. Mwezi wa... walipita wengi tu.

Nilitegemea acheke. Nilitegemea atukane, na kusema kweli ningemshukuru. Badala yake alitoa kalamu, akauliza wangapi, wakielekea wapi, kama walikuwa na watoto. Dizeli akajibu yote. Kumi na wawili. Kaskazini. Watoto watatu. Na yeye anaandika. Hata tarehe aliuliza, akaandika. Nilikuwa nyuma ya bega lake, naona mwandiko wake mdogo uliosimama wima, na juu ya ukurasa ule ule naona mistari ya miaka mingine: "Muuza kahawa anasema maji ya kisima yalishuka hatua mbili." "Fundi wa pampu anasema tope lilikuwa jeusi." Kila tulichowahi kumwambia tukipiga soga hapa kimo mle. Mengine yalikuwa kweli. Mengine tulisema tu ili aongeze kikombe akae nasi. Hakuwahi kutupunguzia hata neno moja.

Aliandika "tembo watoto watatu." Nikaona siwezi.

— Futa hiyo, mama.

— Nini, kaka Rangi?

— Futa hao tembo. Hakuna tembo. Tumekata sisi. Aliyesema ikatwe ni mimi.

Kamusi alikohoa kunizuia, nikaendelea kwa sababu ningenyamaza nisingeweza kuanza tena. Nikamweleza X za nyumba, X zake, na jinsi nilivyotia mikono mfukoni. Nikamwambia ubao wa benchi umetoka wapi na kwa nini una rangi mbichi. Machozi yalinitoka mbele ya watu ninaowatania kila siku, na sikuwa na mahali pa kukaa.

— Yote? aliuliza.

— Yote yenye X. Tena tuliihesabu, tusije tukasahau mmoja.

Mama Mchanga alishusha kalamu ukurasani. Hakufuta. Alipiga mstari mmoja mwembamba juu ya maneno ya Dizeli, bado yanasomeka, akaandika pembeni: "Si tembo." Dizeli aliinamisha kichwa. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa mdogo hivyo.

— Nami nilikosea, alisema mama. Nilipita kwenye zile nyumba. Niliona X za kwako, na kwa kuwa nilikuwa na haraka sikufikiri. Wala sikuwaeleza maana ya X zangu.

Hilo liliniuma kuliko tusi lolote. Alikuwa amekuja kila siku mwezi mzima, anakunywa kahawa, anatusimulia nyayo za fisi na ndege wanaolala kwenye migunga. Sisi ndio tulikuwa hatusikilizi. Tulikuwa tunasubiri amalize ili turudi kwenye mpira.

— Wakubwa wa maji watakuja hata hivyo, alisema. Nitawaonyesha vipimo vya miaka tisa. Watauliza miti iko wapi, nitawaambia ukweli. Labda watasema, hao watu wenyewe hawana haja na mto, mbona wewe unawasemea? Sijui nitajibu nini. Lakini tunaweza kuanza tena. Miche ya mgunga ikipata mwaka mmoja wa mchanga wenye unyevu, inashika. Mnaweza kuniokotea mbegu?

— Tutaokota! alisema Birika. Hata leo, mama. Gunia!

— Hata magunia mawili, alisema Kamusi.

— Mimi nina toroli, alisema Dizeli. Ilikuwa mara ya kwanza kunyanyua uso.

Mama Mchanga akafungua ukurasa mpya, akashika kalamu tayari.

— Haya. Vitabu vinasema mambo yao, lakini kila mto una majira yake, na mimi kila mwaka huja mwezi huu huu tu. Niambieni ninyi wenyeji. Migunga ya hapa hutoa maua lini, na mbegu zake huanguka mwezi gani?

Birika akamtazama Dizeli. Dizeli akamtazama Kamusi, ambaye ana miaka sitini na nane na amezaliwa nyumba ya tatu kutoka mtoni. Wakanigeukia mimi, kama siku ile.

Nikajaribu kukumbuka rangi ya maua ya mgunga. Hata rangi sikuikumbuka.

Kalamu ya Mama Mchanga ilikuwa bado imesimama juu ya karatasi, anasubiri.