Pini Iliyobaki Mfukoni

Sogeeni, Kiichi na wewe Fusako, sogeeni hadi magoti yenu yaguse godoro langu, maana sauti yangu leo haifiki mbali, na nitakayoyasema sitaki yapenye mlango huu wa karatasi yakasikiwa na muuguzi kabla hayajawaingia ninyi wanangu. Kuhusu mali msiulizane. Nyumba ni ya Fusako, na shamba la matufaa ni lake pia, kwa kuwa ndiye aliyeliinamia mgongo kila vuli. Kampuni ni yako Kiichi, kama bado utaitaka nikishamaliza. Wakili anazo karatasi.

Nimewaita kwa sababu ya ile picha ya ukumbi wa kampuni, ile ambayo kila mwezi wa nne vijana wanaoanza kazi hupangwa mbele yake na kuambiwa, "Mtazameni mwanzilishi wetu, Shimojima Teizo, alivyoweka paji la uso chini kwa kosa la fundi wake." Mmekua mkiiona. Wewe Kiichi uliisimulia hata siku ya harusi yako, na watu wakapangusa machozi, nami nikakaa pale nikinywa sake yangu ya mchele kama mtu mwema. Wanangu, mimi si mtu mwema. Nimevalishwa kilemba cha ukoka miaka thelathini na miwili, na nikakizoea.

Huyo fundi aliyeinama pembeni yangu ni Karasawa Umekichi. Ninyi mmefundishwa kumwita "yule mzembe". Basi jueni kwamba baada ya vita, watu walipokuwa wakibebesha migongo yao mizigo kupanda milima hii yetu ya Shinano, ni mimi na yeye wawili tu tulioingia katika banda tupu la kusokotea hariri, tukaunda humo gari la matairi matatu kwa injini ya pampu na vyuma tulivyookota. Mchoro ulikuwa wangu. Mikono ilikuwa yake. Tulilipa jina Kamoshika, kwa yule mbuzi mwitu wa milimani kwetu, na siku lilipopanda kilima cha hekalu bila kusukumwa tulilia wote wawili tukisingizia moshi.

Amri ya karakana niliitoa mimi. Kila fundi alikuwa na muhuri wake wa chuma, na aliyekaza nati ndiye agonge alama yake hapo hapo kwa nyundo, ili kazi isikose mwenyewe. Nilijivunia sana amri hiyo. Niliwatangazia wanunuzi, nikawatangazia waandishi wa magazeti.

Tarehe ishirini na nane Desemba, mwaka wa hamsini na tatu, tulikuwa na magari kumi ya kutoa kabla ya mwaka mpya. Karasawa alikuwa anafunga usukani, amemaliza saba, mara akaja mtoto wa jirani yake anahema. Karasawa akanijia anafuta mikono. "Bosi, mkunga anasema ni leo."

"Sasa unangoja nini hapa? Unataka nikazae mimi?"

"Zimebaki nati tatu, bosi."

"Nenda bwana. Nati nilikufundisha mimi kukaza, leo utanionyesha?"

Akacheka, akaondoka mbio na viatu vya karakana. Nikakaza zile tatu. Muhuri wangu ulikuwa juu ofisini na nikaona uvivu kupanda ngazi, nikachukua wa Karasawa uliokuwa mezani. Katika gari la mwisho, namba mia nne kumi na saba, nilikuwa nimeshika ile pini ndogo inayopita katikati ya nati ili isijifungue, nikaitwa kwenye simu. Nikagonga alama kwanza, pini nikaitia mfukoni, nikajiambia narudi sasa hivi. Sikurudi.

Siku ya tatu ya mwaka mpya, tunakula mochi za mchele, mama yenu akaja nayo kwenye kiganja. Alikuwa anafua koti langu. "Hii ya nini?" Nikaijua. Wanangu, niliijua pale pale. Nikamjibu, "Takataka tu," nikaipokea. Gari lilikuwa limeshauzwa kwa Miyashita, muuza miso ya soya wa upande wa pili wa mlima, mtu mwenye simu dukani. Ningempigia. Niliona haya kumwambia mteja, sikukuu yote ile, kwamba bosi mwenyewe amesahau pini. Nikajiambia labda kuna fundi aliyeona akatia nyingine. Nikajiambia hivyo Januari nzima.

Februari Miyashita alikuwa anashuka mlima, usukani ukamtoka mikononi.

Walituletea mabaki ya gari kwenye mkokoteni. Karasawa ndiye aliyepiga magoti akafuta matope kwenye shingo ya usukani, akaiona alama yake. Alikumbuka kwamba tatu za mwisho nilimaliza mimi, lakini za bosi zingekuwa na alama ya bosi. Hakuniuliza hata neno. Aliamini amri yangu kuliko kumbukumbu yake mwenyewe. Alisema tu, "Ni mimi," nami nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, mdomo ninao, ulimi ninao, nikanyamaza.

Tulikwenda pamoja kwa mjane. Yeye akaweka kichwa chini, nami nikaweka changu, na mpiga picha wa gazeti akaingia na viatu. Kesho yake mji mzima unanisifu, tajiri gani huyu anayeinama kwa kosa la mtu wake. Maagizo yakaongezeka. Karasawa akaacha kazi, akahamia ng'ambo ya mlima kutengeneza baiskeli. Ukubwa wote mnaouona ulitokea hapo.

Nipe maji, Fusako. Kidogo... inatosha.

Niliwahi kupiga moyo konde nikamwendea. Miaka tisa ilikuwa imepita. Nilikuwa na pini mfukoni, ndani ya kopo la tumbaku. Akanipokea na mikono ya grisi. "Bosi, njia yote hii kwa ajili yangu?" Binti yake akaleta chai na mboga za chumvi. Nikafungua mdomo, naye akaniwahi, akashuka chini kwenye magoti.

"Sijawahi kukuomba radhi ipasavyo. Siku ile akili yangu ilikuwa kwa huyu. Niliharakia kumwona mtoto, nikasahau pini. Ndiyo maana siku yake ya kuzaliwa hatumpikii kitu. Tunakwenda naye kusafisha kaburi la Miyashita." Akamgeukia binti. "Mitsue, nawe muombe bosi radhi."

Na mtoto yule, wa miaka tisa tu, akaweka sinia chini akaniinamia. Hakushangaa. Ilionekana ameshazoea.

Mnajua nilisema nini? Nilisema, "Yaliyopita tuyaache, Karasawa." Nilimsamehe. Nikasifu mboga, nikala, nikaondoka. Hilo ndilo linalonikaba usiku na mchana kuliko kifo chenyewe.

Usinikatize, Kiichi. Najua unataka kusema jina la kampuni litachafuka. Jina hilo umelipata kwa mgongo wa mtu. Picha ishusheni leo, wewe kwa mikono yako, na mwezi wa nne wale vijana waambie haya kama nilivyokwambia. Mazishi ya kampuni sitaki, wala shada za maua, wala watu kupangwa mistari na suti nyeusi. Nichomwe kama mtu yeyote. Mjane wa Miyashita alikufa nikiwa kimya, kwa hiyo ninyi mtakwenda kwenye kaburi lake, mtaongea kwa sauti. Kopo liko chini ya madhabahu ya marehemu mama yenu. Pini imo, na muhuri wa Karasawa umo. Niletee hapa.

Asubuhi nilimtuma dereva ng'ambo ya mlima. Nilisema aje Karasawa na Mitsue pamoja. Huyo mama sasa ana miaka thelathini na miwili na hajawahi kulishwa wali mwekundu wa sherehe siku yake ya kuzaliwa... Fusako, upike. Upike leo, usingoje Desemba.

Wanangu, nawaombea mlale usingizi. Mkikosea, mseme siku hiyo hiyo. Sina baraka nyingine... ndiyo niliyoikosa mimi.

Hilo ni gari? Zima redio ya muuguzi... Ni gari. Kiichi, nishike kwapani. Toeni mto. Nigeuzeni kifudifudi, uso uelekee mlango, paji liguse mkeka. Hapo. Msininyanyue mpaka aseme yeye. Asiposema... niacheni hivi hivi.

Mfungulieni.