Kinue Sugaya na Nguo Iliyobaki Nusu

Ndugu waombolezaji, marehemu mama yetu Kinue Sugaya alizaliwa tarehe 3 Machi 1940 hapa Hatagawa, mtoto wa mwisho wa mfugaji wa viwavi vya hariri, akasoma shule ya kijiji hadi 1955, akaajiriwa katika kiwanda cha vitambaa, na mwaka huohuo akachaguliwa miongoni mwa wanawake tisa wa kumfumia vazi jipya mungu wa kike wa ufumaji, katika hekalu letu la mlimani, kila mwaka tarehe 1 hadi 13 Mei. Mfumaji hujitenga siku hizo, hupika kwa moto wake mwenyewe, wala hapelekewi habari za msiba, maana kifo kikimfikia nguo imeharibika.

Tarehe 10 Oktoba 1964 aliolewa na Eizo, seremala, wakajaliwa mtoto mmoja tu, Michiyo, mwaka 1971, ndiye huyu anayewasomea.

Tarehe 6 Mei 1991 Eizo alianguka ghafla akafariki, mama akiwa ndani anafuma, Michiyo akakimbia hadi kwenye uzio wa hekalu, mzee mmoja akamshika mkono, "Usimwite mamako, binti, utaitia nguo mkosi, ngoja aimalize na kuikata kwanza," naye akangoja, mwili wa baba ukachomwa kwa desturi yetu tarehe 8, mama akatoka tarehe 13 na jora mikononi, akakabidhiwa chungu cha mifupa. Hakumgombeza mtu. Michiyo alihamia Osaka akiamini kwamba kwa vyovyote mama angechagua nguo, na kwa miaka thelathini na miwili walipigiana simu za kuulizana hali ya hewa.

Wenzake wa kufuma walikwisha mmoja mmoja, na tangu 2008 alifuma peke yake, akala peke yake, upweke ukamzoea.

Mei 2023 Michiyo alipasuliwa tumbo huko Osaka, na siku ya tano ya kufuma jirani yetu Bi. Tamiko, ambaye kunyamaza hakukuumbiwa yeye, akapaza sauti nje ya uzio kumpa mama habari hiyo, mama akaiacha nguo nusu, akapanda treni na mavazi ya kazi, mungu akakosa vazi mwaka ule, na wanaosema ni kosa la mama wanasema kweli. Wodini alimenya chungwa, akasema bila kuinua macho, "Mwaka ule ungeniita, ningetoka."

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba, akafariki tarehe 9 Februari 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kiwandani, majirani waliomwondolea theluji mlangoni, na Bi. Tamiko kwa sauti yake.

Mama, upumzike kwa amani. Nilipaswa kukuita.